Mzizi wa Kabare

Nianze na mume wangu, maana yeye ndiye aliyebadilika rangi.

Ilikuwa Jumapili, mwezi wa kumi mwaka 1998, na tulikuwa tunachelewa kanisani. Anaclet alisimama mbele ya kioo cha bafuni akichana ndevu zake, ndevu nyeusi tititi kama za mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, huku akiimba wimbo wa kwaya kwa ile sauti ya mwanaume anayejipenda. Nikamwambia ageuke nimnyooshee kola. Alipogeuka nikaona macho yake. Weupe wote ulikuwa umeondoka, na mahali pake pamekaa manjano ya siagi.

"Anaclet, macho yako iko manjano."

"Ni taa," akasema. "Taa ya hii fleti iko mubaya tangu zamani."

Taa ilikuwa imezimwa. Jua la Umbilo, mtaa wetu wa Durban, lilikuwa linaingia dirishani mpaka kwenye beseni. Lakini mume wangu akishaamua jambo haambiliki, kwa hiyo tulikwenda kanisani, akaimba besi, akatoka jasho, akakaa chini kabla wimbo haujaisha. Baada ya ibada tulikutana na marraine wetu, Huguette, pale mlangoni. Alimtazama Anaclet usoni mara moja, kisha akaanza kuniuliza habari za kitambaa cha gauni langu. Nami, mjinga wa siku nyingi, nikamjibu habari za kitambaa.

Kwa asiyetujua sisi watu wa Bukavu, nieleze. Marraine wa ndoa si mtu wa kutia sahihi, akala keki, akaenda zake. Yeye ndiye mama wa ndoa yenu. Mkigombana mnakwenda kwake. Mkichelewa kupata mtoto, anajua kabla ya daktari. Akisema neno mnalishika, na akikupa kitu kwa mikono miwili unakipokea kwa mikono miwili. Wazazi wetu walikuwa Bukavu, sisi tuko Durban, basi Huguette alikuwa marraine, mama mkwe, shangazi na mahakama ya rufaa, yote hayo katika mwanamke mmoja mwenye nywele nzuri kuliko sisi sote. Tena alikuwa bosi wangu. Saluni yake ilikuwa katikati ya mji, ndani ya kichochoro cha maduka nyuma ya West Street, na mimi nilikuwa msusi wake wa kwanza.

Nywele zake ndizo zilizouza dawa. Alikuwa amepita miaka hamsini na hana mvi hata moja. Wateja wakimuuliza siri yake, alikuwa anacheka, anafuta mikono, anakwenda nyuma ya pazia na kurudi na chupa ya vipande vya mzizi, vyekundu vya kikahawia, vina rangi ya udongo wetu hasa. Mzizi wa Kabare, alikuwa akisema. Unatoka shambani kwa nyanya yake, kule mlimani juu ya Bukavu. Unachemsha, unakunywa asubuhi na jioni, damu inasafika, nguvu zinarudi, nywele zinajua kazi yake. Nimeona wanawake wazima wakinusa chupa ile na machozi yakiwalengalenga. Hakuna aliyeuliza ni mzizi gani. Kwetu mwenye kukupa mti hakutajii mti, na wewe huulizi. Ukiuliza, wanasema, umeifukuza nguvu yake. Nami nililelewa hivyo.

Anaclet alikuwa na sababu yake. Bukavu alifundisha jiografia. Durban alilinda magari ya watu, kisha akaanza kwenda Jacobs, kwenye viwanda, kusimama getini alfajiri na wanaume wengine wanaotafuta kazi. Msimamizi anapita mbele yao akichagua kwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Kidole hicho kilikuwa kinamruka Anaclet. Hakuwa amefika hata miaka arobaini, lakini mvi zilikuwa zimemwahi kichwani na kidevuni, na siku moja alirudi nyumbani amevimba kwa hasira.

"Eish, leo ameniita madala," akasema. "Miye! Mzee! Yeye mwenyewe tumbo iko mbele kama ngoma."

Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikampeleka kwa marraine. Marraine alimpa mzizi, na pamoja na mzizi akampa mafuta meusi ya kupaka kwenye ndevu, eti kuusaidia mzizi. Mimi ni fundi wa nywele. Niliona mafuta yale yanavyochafua mataulo yangu na nikajua ni rangi tu ya dukani. Nilimtania sana: mzizi gani huo unaopaka taulo? Akaniambia nifunge domo. Lakini kidole cha msimamizi kilimwona, akapata kazi katika kiwanda cha sabuni, na tangu hapo usingemwambia neno baya juu ya mzizi wa Kabare. Ulimkimbiza chooni wiki zote za mwanzo. Marraine akasema dawa inasafisha.

Na mimi nilikunywa. Nywele zangu za mbele zilikuwa zinapukutika, na msusi mwenye kipara ni tangazo baya. Marraine alinipa fungu langu kwa mikono miwili. Kila asubuhi Anaclet alikuwa anachemsha, anamimina kikombe chake kikubwa na changu kidogo, tunakunywa tumesimama jikoni, tunakunja nyuso kwa uchungu wake na kuchekana.

Halafu vita vikaanza. Mwezi wa nane nchi yetu ikafunguka tena vidonda, uwanja wa ndege wa Kavumu haukupokea abiria, kwenye barabara ya Bujumbura hazipiti barua wala watu. Tulikuwa tunashinda kwenye kibanda cha simu tukipiga namba zisizoita. Mama yangu nilimpata baada ya wiki nyingi, na alichosema ni kwamba chumvi imekwisha mjini. Chumvi haipiti, lakini mzizi wa Kabare uliendelea kufika kwenye saluni ya Huguette, chupa imejaa, mwezi baada ya mwezi. Na sisi tuliosoma, tuliokimbia vita viwili, tunaojua kila kizuizi cha barabarani kwa jina, tuliendelea kunywa. Nikilikumbuka hilo nataka kujipiga kofi.

Turudi kwa macho ya manjano. Jumatatu Anaclet hakuweza kuamka. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Nikampeleka hospitali ya serikali, tukakaa kwenye benchi mpaka mchana, wakamlaza. Daktari, dada mmoja wa Kihindi mwenye sauti ya upole, alitueleza kwamba ini limeumia na linazidi kuumia. Kama halitaacha kuumia, alisema, mtu huyu anaweza kufa. Alisema hivyo wazi, kwa Kiingereza chepesi ili nisikose hata neno. Kisha akauliza: anakunywa pombe? Kiwandani anavuta moshi gani? Amekunywa muthi, dawa ya miti, kitu chochote cha kuchemsha?

Nilifungua mdomo. Anaclet akanibana mkono.

"Chai tu," akasema. "We drink only tea, doctor."

Nilidhani anailinda heshima ya marraine, na kweli si heshima kutaja dawa ya mtu bila ruhusa yake. Kwa hiyo nikafanya kile ambacho mke aliyelelewa vizuri anafanya: nilipanda taxi mpaka saluni kwenda kuomba ruhusa. Leo neno hilo linanichoma. Mume wangu anakufa na mimi naomba ruhusa.

Huguette alikuwa anamfunga mteja rola. Alinivuta nyuma ya pazia.

"Mwanangu, sikiliza," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. "Ukimwambia docteur dawa ya nyumbani, atacheka. Ataandika bwana yako amekunywa sumu ya Waafrika, na hatamutunza tena. Ile ni moshi ya kiwanda. Kila mutu wa Jacobs anakohoa, haiko siri."

"Marraine, anasema anaweza kufa."

"Njo maana anapaswa kuendelea kunywa. Ini iko chafu, mzizi unasafisha. Wewe usijisumbue, nitachemsha miye mwenyewe."

Na akachemsha. Kesho yake saa ya kuona wagonjwa alikuja na chupa ya chai, ile ya maua mekundu, akakaa pembeni ya kitanda, akammiminia Anaclet na kumshikia kikombe kama anavyoshikiwa mtoto. Akaomba sala ndefu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakasema amina. Nilimshukuru, nikambebea mkoba wake mpaka kwenye lifti. Siku alizokuwa na kazi, alinipa chupa niipeleke mimi.

Anaclet akazidi. Alianza kujikuna mpaka ngozi ikatoka damu. Alilala mchana kutwa, na akiamka anauliza kama ni asubuhi. Daktari alipima kila homa ya ini anayoijua, na kila jibu lilirudi safi. Alikuja kwangu akiwa amechoka, akauliza tena: dada, una hakika ni chai tu? Nikatazama chini. Nilikuwa na chupa ya maua mekundu kwenye mkoba.

Aliyeniokoa ni pua ya Naseema.

Naseema alikuwa mteja wetu wa zamani, binti wa wale Waislamu wa Bluff ambao babu zao waliitwa Wazanzibari. Alikuwa anakuja kusukwa kila mwezi, kisha ghafla akaacha. Huguette alituambia wamegombana juu ya mtindo, na kwamba watoto wa Durban wana dharau. Basi siku hiyo nilikuwa nimekaa korido ya hospitali nikikaza kifuniko cha chupa kilichokuwa kinavuja, nikaona viatu vimesimama mbele yangu. Alikuwa Naseema, na karatasi ya kupimwa damu mkononi.

"Henriette," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwao, cha kubahatisha, lakini siku hiyo kilinyooka. "Hiyo harufu naijua. Unampa nani hiyo?"

"Mume wangu. Ini lake linaumwa."

Alikaa chini kwa nguvu mpaka benchi likalia. "Usimpe. Wallahi usimpe. Mimi niligeuka njano kwa hiyo hiyo."

Akanieleza. Ilikuwa kabla ya Idi Kubwa, mapema mwaka ule. Alikuwa anakunywa mzizi wa Huguette kwa ajili ya nywele, akaugua, madaktari wakamwambia aache kila kitu cha kuchemsha, akaacha, ini likaanza kupona polepole. Mpaka sasa anapimwa. Alikwenda saluni akamwambia Huguette uso kwa uso. Huguette akalia, akamshika magoti, akaapa kwamba atautupa wote.

"Alijua?" nikauliza. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. "Tangu Idi?"

"Nilimwambia kwa mdomo wangu. Na tena, sister, nani aliwaambia unatoka kwenu? Mimi nauza mitandio mkabala na duka la Mchina wa dawa. Huguette namwona pale kila mwezi na mfuko." Akanitazama. "Wewe umewahi kumwona yeye akiinywa?"

Nilijaribu kukumbuka. Miaka yote niliyokuwa nyuma ya pazia lile, nikichemsha maji yake, nikiosha vikombe vyake. Sikuwahi kumwona.

Tukaenda kwa Mchina, mimi na Naseema, palepale. Duka lilikuwa jembamba, lina droo za mbao mpaka darini. Naseema alimwonyesha kipande cha mzizi wa fungu langu nilichokuwa nacho kwenye mkoba, na yule baba hakuhitaji hata kukinusa. He shou wu, akasema. Kwao kuna hadithi ya mzee mmoja aliyeula mzizi huu nywele zake zikarudi nyeusi, na watu wanauamini tangu zamani za kale. Kisha akavuta droo mbili na kuweka mafungu mawili juu ya meza. Moja lilikuwa jeusi, limekauka, linang'aa. Hili, alisema, limepikwa kwa mvuke pamoja na maharage meusi, limepikwa likapoa likapikwa tena, na hili ndilo linalotumika kwa nywele na nguvu, kidogo, kwa muda, si mwaka mzima. La pili lilikuwa jekundu la kikahawia. Hilo ni bichi. Kazi yake ni kufungua tumbo, siku chache basi. Hata lililopikwa kuna watu miili yao hailitaki, akasema. Macho yakibadilika, mkojo ukiwa mweusi, unaacha siku hiyohiyo.

"Yule mama wa saluni, ulimwambia hayo?"

"Nilimwambia zaidi ya mara moja. Nilimwambia achukue lililopikwa." Akainua mabega. "Alikataa. Alisema ni jeusi mno, limefanana na dawa ya duka. Wateja wake wanataka mzizi wenye udongo."

Nilisimama pale nikaelewa, na kichwa kikaniuma kwa kuelewa. Hakuchagua bichi kwa kutojua. Alilichagua kwa sababu lilifanana na Kabare. Wangekunywa lile jeusi, labda wengi wasingepata kitu. Lakini lile jeusi lisingemtoa mtu machozi ya nyanya yake. Alichukua mlima wetu, vita vyetu, kiu yetu ya nyumbani, akavitumia kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilitaka kupiga kelele katikati ya duka la watu. Naseema alinishika kiwiko akanitoa nje.

Nilikimbia kurudi hospitali na mafungu yote mawili. Daktari alisema huu mmea haujui, lakini ini analijua, na kwamba nimemsaidia sana. Hakunigombeza. Akaamuru Anaclet asipewe kitu chochote kinachotoka nje, hata maji. Nilipomwomba msamaha akanigusa bega tu, akaondoka upesi kwenda kuandika.

Huguette alifika saa ya kuona wagonjwa, chupa ya maua mekundu mkononi, manukato yake yakimtangulia. Nilikuwa nimesimama mbele ya kitanda.

"Iache hapo chini, marraine."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nimetoka kwa Mchina. Nimetoka na Naseema."

Uso wake haukuanguka, kama nilivyokuwa nimetarajia. Ulikuwa mtulivu, na utulivu huo ndio ulionipandisha damu.

"Ulijua," nikasema. "Ule mutoto wa watu alikuja kwako jaune, manjano kabisa, ukamwapia. Halafu ukarudi kumimina kwa kikombe ya bwana yangu. Umekaa hapa, kwa hii kiti, umemushikia kikombe! Ulikuwa unaomba Mungu gani?"

"Punguza sauti. Watu wanatuangalia."

"Waangalie!"

"Ule Naseema mwili wake ni wa kwao, si wetu. Nilisema labda ni damu yake." Alitazama huku na huku. "Ningefanya nini? Watu wote wa kanisa wanakunywa. Ningesema nini, nimewauzia mzizi wa Wachina? Jina langu lingekwenda wapi? Na wewe unakula wapi, si kwangu?"

"Nakula sumu kwako."

Hapo ndipo alipobadilika. Aliinua kidevu, akaweka chupa chini kweli, akahamisha macho yake kutoka kwangu mpaka kitandani.

"Juu ya nini unanipigia kelele miye peke yangu?" akasema. "Uliza bwana yako. Siku Naseema alikuja, nani alikuwa anatengeneza ile mashine ya kukausha nywele nyuma ya pazia? Na kwa Mchina, siku miye nagonjwa, nani alienda kunichukulia? Uliza yeye. Miye nilitaka kukuambia. Njo yeye alisema Henriette asiambiwe."

Niligeuka. Anaclet alikuwa macho. Macho yake, yale ya manjano, yalinitazama na kisha yakaenda ukutani, na nilijua kabla hajasema lolote. Nikakumbuka mkono wake ulivyonibana mbele ya daktari.

"Ni kweli?"

"Henriette…"

"Nimeuliza, ni kweli?"

"Kiwanda walikuwa wanafukuza watu," akasema. Sauti yake ilikuwa imechujuka. "Wazee ndiyo walianza nao. Nilikuwa nasikia nguvu nikikunywa. Nikasema ule dada ni mwanamuke, mwili yake haina nguvu. Miye itanifanya nini?"

"Sikuulizi juu yako." Nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. "Wewe ulichagua. Nakuuliza juu yangu. Kila asubuhi wewe ndiye uko unachemsha. Wewe ndiye uko unamimina. Ulisikia mutu amegeuka jaune, ukarudi nyumbani, ukanimiminia miye?"

Alilamba midomo. Nilimngoja. Nilimngoja kwa moyo wote, maana bado kulikuwa na maneno ambayo mwanaume angeweza kuyasema.

"Ungeacha, ungeuliza kwa nini," akasema. "Ukiuliza, utamusemesha marraine. Mutagombana, yote itatoka nje. Na wewe ulikuwa unakunywa kikombe kidogo tu, chérie. Kidogo tu."

Sikumpiga. Mwingine angempiga, mgonjwa asiwe mgonjwa. Mimi nilikaa kwenye kile kiti cha Huguette. Siku zote zile nilikuwa nahangaika kumwokoa na mtu mmoja, na kumbe walikuwa wawili, na mmoja wao nalala naye. Huguette aliokota chupa yake akaondoka bila kuaga. Muuguzi mmoja, aliyekuwa amesikia sauti bila kuelewa lugha, aliniletea maji. Baadaye daktari alikuja akaniuliza kama nami nilikunywa, nikasema ndiyo. Akanikunjia mkono wa blauzi akatoa damu yangu, palepale, na Anaclet akitazama. Alilia, lakini machozi ya siku ile sikuyapokea.

Ini langu lilikutwa limeguswa kidogo. Litapona, wakasema, na limepona. Lake lilichukua muda mrefu zaidi, lakini nalo lilirudi, kwa sababu aliacha kunywa kabla halijafa kabisa. Macho yalianza kusafika, kuwashwa kukapungua, na kabla ya Krismasi wakamruhusu kwenda nyumbani, amekonda, mvi zimejaa kidevuni. Kanisa zima lilitoa shukrani. Mzee Barthélemy, kiongozi wa kikundi chetu cha sala, alikuja fleti na wazee wengine wawili kuniambia kwamba marraine haachwi, kwamba Huguette amelia mbele yao, kwamba ametupa chupa nzima ya mzizi, na kwamba mimi ndiye ninayechelewesha amani. Niliwapa soda. Niliwaambia kwamba saluni sirudi, nimepata kiti cha kusukia kwa wanawake wa Point, kule bandarini, na kwamba Huguette nikikutana naye barabarani nitamsalimu. Waliondoka wakitikisa vichwa. Kuhusu Anaclet hawakuniuliza, na mimi sikuwaambia. Walikuwa wamemwombea sana.

Kwa hiyo hakuna anayejua ila sisi watatu. Watu wananiona nikimpeleka kliniki, nikimpikia wali laini, nikimfulia, na wanasema Henriette ni mke. Ninafanya yote hayo. Namhurumia hata, usiku akigeuka kitandani naamka kusikiliza kama anapumua vizuri. Moyo ni kitu cha ajabu, unaendelea na kazi yake bila kuulizwa.

Wiki iliyopita aliamka kabla yangu, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Nilimsikia jikoni akifungua maji, akiwasha jiko, akitafuta sukari. Alikuja chumbani na kikombe kimoja, chai ya kawaida, maziwa na tangawizi, harufu yake naijua tangu nizaliwe. Alikuwa amevaa shati safi. Alikishika kwa mikono miwili akaninyooshea, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba.

Nilikitazama kikombe, nikamtazama yeye.

"Kunywa wewe kwanza," nikasema.

Mvuke ulikuwa unampanda usoni. Kisha akainua kikombe akanywa, akameza, akanywa tena ili nione vizuri, akaninyooshea tena. Nilikipokea. Nikakaa nacho kitandani mpaka kikapoa, naye amesimama ananingoja. Halafu nikainuka, nikaenda jikoni, nikaimwaga ile chai kwenye sinki, nikateka maji mengine nikachemsha yangu.